Vidonge Tulihesabu, Moyo Tukausahau

Tunaishi Mpuguso, huku Tukuyu kwenye mvua na migomba. Tunaandika haya sisi wazazi wa nyumba moja. Baba ni mkulima wa chai na ndizi. Mama, ambaye ndiye aliyeshika kalamu, ni muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na siku za Jumamosi hujitolea pamoja na wenzake wa kanisani kuwatembelea wagonjwa majumbani. Tunataja hayo mapema ili mjue kwamba kosa tutakalolisimulia halikutokana na kutojua. Tulijua, na bado tulikosea.

Ilikuwa mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini, na siku iliyofuata serikali ikafunga shule. Binti yetu mkubwa, wakati huo akiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, akarudi nyumbani na sanduku lake la bati, godoro lake, na kikohozi. Ninyi mnakumbuka kikohozi kilivyokuwa mwaka ule. Mtu akikohoa ndani ya basi, kiti cha jirani kinabaki kitupu. Kumbe cha binti yetu kilikuwa kimeanza tangu Februari. Alikuwa akitoka jasho usiku, na sketi ya shule ilikuwa ikimteleza kiunoni. Tulimpeleka kupimwa makohozi, na mwanzoni mwa Aprili tukapewa jibu: kifua kikuu.

Tulishusha pumzi, maana ugonjwa huo tunaujua na dawa zake zipo, tena hutolewa bure. Tiba yake ilikuwa ya miezi sita: miwili ya kwanza dawa za aina nne zilizochanganywa katika kidonge kimoja, na minne inayofuata dawa za aina mbili. Kwa uzito wake alipaswa kumeza vidonge vitatu kila asubuhi. Wote nyumbani tulichunguzwa, na mdogo wake wa miaka minane akaonekana hana ugonjwa. Tukaelezwa kwamba mgonjwa wa kawaida akimeza dawa vizuri, baada ya majuma mawili hivi uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana. Kwa majuma hayo alale peke yake, dirisha liwe wazi, na asichanganyike na watu ndani ya nyumba.

Tukampa chumba cha mwisho, kile kinachotazama migomba. Wanaoijua Tukuyu wanajua mvua ya Aprili ni nini. Huku hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mwezi huo ni kama mawingu yamehamia darini. Dirisha wazi, baridi inaingia, ukungu umefunika shamba, na msichana wa miaka kumi na saba amejifunika mablanketi mawili akitazama ukuta.

Sisi tulijiona tumefanya kazi nzuri. Mama alivaa barakoa, akapeleka vidonge kila asubuhi saa moja, akamwangalia anavyomeza, akaweka alama kwenye kadi. Alimweleza kwamba mkojo utakuwa mwekundu kama chungwa na asiogope. Baba alileta maziwa na mayai. Mdogo wake aliweka uji kwenye kigoda nje ya mlango, akabisha, akakimbia. Na kikombe chake, akina mama, tulikitenga. Mama wa nyumba hii amewafundisha watu mara nyingi kwamba kifua kikuu huenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, wala si kwa vyombo, nguo au kushikana mikono. Hata hivyo kikombe cha bluu kiliwekwa peke yake kwenye kichanja, mbali na vingine, na hakuna aliyeuliza nani alikiweka pale.

Majuma mawili yakapita. Homa ikakoma, kikohozi kikapungua. Tukamwambia, "Sasa unaweza kutoka, njoo ukae na sisi barazani." Hakutoka. Alisema amechoka. Siku iliyofuata akasema kichwa. Nywele hakuchana, maziwa yaliganda kwenye kikombe, na usiku tulisikia kitanda kikilia mpaka alfajiri kwa jinsi alivyojigeuza. Wenzake wa shule hawakuja kumtazama. Jirani mmoja alimkataza mwanawe kucheza uani kwetu. Hata baadhi yetu tunaokwenda kuwatembelea wagonjwa Jumamosi tulipita njia ya juu, tukisingizia utelezi.

Asubuhi moja mama aliingia na vidonge kama kawaida. Binti akavimeza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kila siku mnahesabu vidonge. Mimi hamniulizi." Akageukia ukuta.

Siku ile tulikaa jikoni, baba na mama, hatuna la kusema. Mwili tulikuwa tumeuhudumia saa kwa saa. Moyo tulikuwa tumeufungia chumbani pamoja naye.

Aliyetuokoa ni bibi yake, mama yake baba, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alikuja kesho yake na mwavuli uliovunjika mbavu moja. Hakuuliza mengi. Alizunguka nyumba, akasimama chini ya paa, nje ya dirisha la mjukuu wake, akamsalimu kwa Kinyakyusa: "Ugonile." Kimya. Akasalimu tena, mpaka akajibiwa. Kisha akapitisha dirishani donge la uzi wa sufu wa kijani na sindano ya kroshia, akasema, "Mimi macho yangu sasa hayaoni vitanzi vidogo. Nifumie kitambaa cha kigoda changu." Binti akasema hajui. Bibi akajibu, "Kwa hiyo nitasimama hapa mpaka ujue, na mvua hii itaniua."

Mama, kwa uuguzi wake, alitaka kumzuia mzee. Halafu akatambua kwamba hakuna mahali salama kuliko pale: bibi yuko nje kwenye hewa inayopita, na mgonjwa ameshatimiza majuma mawili ya dawa. Mzee asiyejua kusoma kadi ya kliniki alikuwa amepata njia ya kukaa na mgonjwa, wakati sisi tulikuwa tumepata njia ya kumkwepa.

Kitambaa cha kwanza kilikuwa kibovu. Upande mmoja mpana, mwingine umejikunja kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Bibi alikifumua chote, akamrudishia uzi. Cha pili kilikuwa afadhali. Siku ya nne tulikuta nywele zimechanwa, maana nywele ndefu zilinaswa kwenye uzi. Siku ya sita aliomba kiti kisogezwe dirishani apate mwanga. Hatukumwambia atoke kitandani. Uzi ndio uliomtoa.

Tusiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Katikati ya Mei alisikia maneno yaliyosemwa juu yake kisimani. Akafumua kazi ya siku tatu na kutupa donge lote nje kwenye matope. Bibi alipokuja aliliokota, akalifua, akalianika juu ya jiko. Siku mbili baadaye akalirudisha dirishani bila neno lolote, akaendelea kusimulia habari za ng'ombe wake. Sisi tungehubiri. Yeye alifua uzi.

Nasi tukaanza kujifunza. Baba, ambaye maneno yake ni machache, alitoboa makopo matatu ya rangi, akajaza udongo mweusi, akayapanga chini ya dirisha. Binti akapanda mchicha na maua. Mdogo wake akaleta waya, wakatengeneza gari, yeye akiwa nje na dada yake ndani, wakibishana juu ya magurudumu. Jioni mama alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, vidonge vikiwa vimekwisha mezwa zamani, wakanakili nyimbo za kwaya kwenye daftari. Na kikombe cha bluu kilirudi kwenye kichanja pamoja na vingine. Baba ndiye aliyekirudisha, akakinywea chai mbele ya wote.

Baadaye mama alikumbuka jambo alilolisoma chuoni. Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliandika kitabu juu ya kutunza wagonjwa mwaka 1859. Humo alieleza jinsi mgonjwa anavyoteswa na kutazama kuta zilezile kila siku, na kwamba kushona kidogo au kuandika kidogo kunaweza kumpa nafuu kubwa. Alitaja pia rangi za kupendeza kuwa ni sehemu ya kupona. Tulifanyia mtihani hayo. Tulipata alama. Halafu tukayaacha darasani. Leo ipo hata fani nzima ya kuwarudisha wagonjwa katika afya kwa kazi za mikono na shughuli za kila siku, na hapa kwetu hufundishwa Moshi, KCMC.

Kwa nini kazi ndogo kama hiyo ina nguvu? Mtu aliyezama katika huzuni husubiri hamu ije kwanza ndipo afanye jambo. Mara nyingi haiji. Lakini akianza kidogo, hata bila hamu, hamu humfuata nyuma polepole. Tena, mikono inapohesabu vitanzi, mawazo hupata pa kupumzika. Na jioni kuna kitu anachoweza kukishika na kusema, "Hiki hakikuwapo asubuhi."

Kulikuwa na la nne, na hilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Mwezi Juni, baridi ya Tukuyu ilipokaza, mama alisimulia nyumbani jinsi watoto wachanga wanavyopoteza joto kupitia kichwani, hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati, na jinsi wengine wanavyofungwa vichwa kwa kipande cha kanga. Binti hakusema kitu. Baada ya siku mbili tulikuta kofia ndogo juu ya meza, inatosha chungwa. Kabla ya mwezi kwisha zilikuwa tisa.

Hapo mama wa nyumba hii alijaribiwa tena. Kofia zile zilikaa kwenye begi lake siku tatu. Alijua kuwa kifua kikuu hakiendi kwa nguo. Alijua pia kwamba zimefuliwa na kuanikwa juani. Lakini aliogopa mtu atauliza, "Zimefumwa na nani?" Siku ya nne binti akauliza, "Mama, watoto wamezionaje?" Hatukuwa na jibu. Asubuhi ile zikapelekwa wodini, na mama mmoja kutoka kijiji cha mbali alipouliza nani wa kumshukuru, aliambiwa ukweli: binti yetu, anayetibiwa kifua kikuu, ambaye anaendelea vizuri. Yule mama akamvisha mtoto wake kofia, akasema, "Ndaga." Tulipomfikishia binti neno lile, alicheka. Tulikuwa hatujasikia kicheko chake tangu Februari.

Vipimo vya miezi miwili vilionyesha makohozi safi. Tarehe 29 Juni shule zilipofunguliwa, alirudi na sanduku lake la bati, kadi ya dawa, na madonge mawili ya uzi. Oktoba alimaliza tiba yake. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, na kitambaa kile kibovu cha kijani bado kiko juu ya kigoda cha bibi.

Akina mama, huenda nyumbani kwako yupo aliyejitenga au aliyetengwa: mgonjwa, mzazi aliye katika arobaini, mjane, au wewe mwenyewe. Haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Anza na kitu kidogo kinachokwisha kwa siku moja au mbili. Mkeka mzima humkatisha tamaa mwenye huzuni, lakini kitambaa cha kikombe humpa moyo.

2. Tumia kilichopo. Si lazima uzi wa dukani. Kopo na mbegu, daftari na kalamu, vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi, vyote vinafaa.

3. Usimpe kazi ukaondoka. Keti naye. Kama kuna hatari ya kuambukiza, kaa nje dirishani au kivulini, lakini kaa.

4. Usimsifu kupita kiasi wala kumkemea akiacha. Akitupa uzi, ufue, umrudishie.

5. Kazi yake ipate mtu wa kuitumia. Dorkasi wa Yafa tunayemsoma katika Matendo ya Mitume alikumbukwa kwa nguo alizowashonea wajane. Mgonjwa naye anahitaji kujua kuwa bado anaweza kutoa.

6. Uzi si dawa. Vidonge vimezwe mpaka siku ya mwisho, hata mgonjwa akijisikia amepona. Na kama huzuni inazidi majuma mawili, hali wala halali, au anasema afadhali afe, usingoje. Mpeleke kituo cha afya na uwaeleze wazi. Huo nao ni ugonjwa, na unatibika.

Kadi ya dawa ya binti yetu tumeihifadhi. Alama zote zipo, hakuna siku iliyorukwa. Tukiitazama tunaona fahari, na tunaona pia yale majuma ambayo alama zilikuwa kamili huku mtoto akilia peke yake. Mama mwenzetu, leo ukimpelekea mgonjwa wako dawa, vuta kigoda.