Sakoshi inauzwa, faida iko wapi?

Hapa Lubumbashi duka la intaneti ni simu moja, picha nzuri na status ya WhatsApp. Shemeji yangu, mke wa kaka, analo la namna hiyo katika komini ya Kamalondo. Anauza sakoshi za wamama na soksi za wanafunzi, mali inayotoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuingia kwetu kwa njia ya Kasumbalesa.

Mwezi wa saba zamu yake ya kitemo ilifika: dola 400. Alitaka kuziweka zote kwenye sakoshi.

«Shemeji, sakoshi ndiyo inatulisha», aliniambia. «Nanunua dola 8, nauza 15. Saba yote ni yangu!»

Soksi aliziona kama mchezo: dazeni ananunua dola 5, anauza 8. Lakini mtoto wake mkubwa alikuwa anaingia sekondari, na masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule za msingi. Minervali ilikuwa inamngoja Septemba.

Tulikaa na daftari. Mimi ni mtu wa redio, si wa benki, lakini kuuliza ndiyo kazi yangu. Lori na mpaka? Dola 50 kwa mzigo wa sakoshi 25, yaani 2 kwa kila moja. Pikipiki? Dola 2, sababu kwenye status ameandika kwamba analeta bure mpaka nyumbani. Megabaiti, mfuko, na makato ya kutoa pesa kwenye simu: nusu dola. Ile saba imebaki mbili na nusu.

Hapo nikauliza zinazorudishwa. Akanyamaza kidogo. Kwa sakoshi 10 zinazotoka, 3 zinarudi; mteja anasema rangi siyo ile ya picha. Pikipiki imelipwa kwenda na kurudi, dola 4 kila moja, jumla 12. Zile 7 zilizouzwa zimeleta dola 17 na nusu. Toa 12: inabaki 5 na nusu. Kila sakoshi, basi, haifikishi hata dola moja, na nyingine inalala miezi miwili juu ya kabati.

Soksi je? Ni nyepesi, zinajazwa kwenye nafasi za mzigo, na wamama wanakuja kuzichukua wenyewe. Gharama zote hazipiti nusu dola. Dazeni moja inamwachia dola 2 na nusu, na hakuna anayerudisha soksi.

Alikasirika, si kwangu, kwa pikipiki.

Siku iliyofuata alifuta neno «bure». Wateja wawili wamemhama, mmoja kwa matusi. Kwa pesa ya kitemo alinunua soksi za dola 250, nyingine 100 akaziweka pembeni kwa minervali, na 50 zikaenda kwenye sakoshi, nyeusi tupu. Nyeusi, anasema, kwenye picha haidanganyi.