Saini Yangu na Dagaa wa Ziwa

Mwaka 1999 nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Mwaka huo Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa letu, baada ya kuenea habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakimwaga sumu za kuulia wadudu majini ili samaki wafe waelee, nao wawaokote. Marehemu baba alikuwa mchuuzi mdogo wa sangara. Bei ilianguka, na ada yangu ya muhula ule ilipatikana kwa kuuza baiskeli yake. Nakumbuka pia kwamba siku zote hizo, nyumbani tuliendelea kula dagaa. Hakuna aliyefika kijijini kwetu kuuliza kama dagaa nao wana sumu. Sangara alikuwa na mnunuzi mwenye maabara. Dagaa walikuwa na sisi tu.

Nimeanza mbali kwa sababu ninalotaka kuliungama leo linanihusu mimi, si Ulaya.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ya umma iliniomba niwe miongoni mwa wataalamu wa kupitia majalada ya viuatilifu vinavyoombewa usajili. Jalada moja lilikuwa na kurasa zaidi ya mia nne, nami nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikaenda moja kwa moja kwenye muhtasari. Mstari wa kujilimbikiza kwa kemikali katika samaki ulionyesha namba iliyo chini ya 2,000. Nikatia saini.

Kwa wasomaji ambao si watu wa fani hii, namba hiyo hupatikana hivi. Samaki wa maji baridi huwekwa katika matangi yanayopitisha maji yenye kiasi kidogo sana cha kemikali, kwa kawaida kwa siku 28. Kisha huhamishiwa maji safi, ili ionekane kemikali inatoka mwilini kwa kasi gani. Katika siku zilizopangwa, samaki wachache hutolewa, husagwa na kupimwa. Kiasi kilichomo ndani ya samaki hugawanywa kwa kiasi kilichomo majini. Kwa sheria ya kemikali ya Umoja wa Ulaya, ikivuka 2,000 kemikali huhesabiwa kuwa inajilimbikiza; ikivuka 5,000, inajilimbikiza mno. Utaratibu wenyewe ni Mwongozo namba 305 wa OECD, na mataifa mengi huupokea kama ulivyo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Ulaya nililifanya jaribio hilo kwa mikono yangu, kwa samaki aina ya trauti. Niliamka usiku kuangalia joto la maji, nikahesabu waliokufa, maana wakizidi asilimia kumi jaribio limeharibika. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilijua vyema kuwa namba ile si sifa ya kemikali peke yake. Kemikali nyingi za aina hii hupenda mafuta, hivyo samaki mnene hubeba nyingi kuliko aliyekonda. Ndiyo maana mwongozo, hasa baada ya kurekebishwa mwaka 2012, unataka mafuta ya samaki yapimwe na jibu lielezwe kana kwamba samaki ana asilimia tano ya mafuta. Nilijua pia kuwa samaki akikua upesi ndani ya tangi huonekana msafi kuliko alivyo. Kemikali haijatoka, ni nyama iliyoongezeka. Ukizidisha maji katika mchuzi uliokolea chumvi, ukali hupungua, lakini chumvi yote ingali sufuriani.

Na nilijua habari za Clear Lake, ziwa la California, ambazo Rachel Carson alizisimulia mwaka 1962. Ili kuua visubi waliosumbua watu, kemikali ya DDD, ndugu wa DDT, ilimwagwa humo mwaka 1949, kisha 1954 na 1957. Mara ya kwanza kipimo kilikuwa sehemu moja kwa milioni 70 za maji. Walipopima mafuta ya ndege wanaokula samaki wa ziwa lile, walikuta sehemu 1,600 kwa milioni. Samaki hawakuelea juu kama wale wa 1999. Waliogelea, wakavuliwa, wakaliwa.

Mwaka jana, katika semina, nilitumia jalada lile kama mfano, bila kulitaja jina. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliinua mkono: "Samahani Daktari, hao samaki walikuwa na mafuta kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua nakala yangu. Jaribio lilifanywa kabla ya 2012. Uzito wa samaki ulikuwa umekaribia kuongezeka mara mbili, na marekebisho ya ukuaji hayakufanywa. Mafuta hayakupimwa. Hakuna aliyedanganya, takwimu zote zilikuwamo humo. Asiyesoma alikuwa mimi.

Nikafanya hesabu daftarini, nikiondoa athari ya ukuaji. Namba ilivuka 2,000.

Niseme wazi kwamba hilo halithibitishi kuwa kiuatilifu kile kimo katika dagaa wetu, wala kwamba kinamdhuru mlaji. Kujua hilo kunahitaji kupima dagaa wenyewe, tena kwa jinsi tunavyowala: mzima, na kichwa, na ini, na mafuta yake yote. Minofu ya sangara hupimwa kwa sababu inasafiri. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki kiwandani, huishia kwenye vikaango vyetu, na ukimwona mama muuza mapanki akikaanga utajua mafuta ya samaki yule yalibaki wapi. Ikiwa kemikali inafuata mafuta, basi tunapima upande usio wetu.

Nilipompigia mama simu na kumweleza, alisikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hao waliokupa karatasi, waliwahi kukuuliza sisi tunakula nini?" Nikamwambia hawakuuliza. "Na wewe hukuwaambia?"

Sikuwaambia. Mwezi Machi niliandika barua, nikaambatanisha hesabu zangu na nakala ya ukurasa wenye saini yangu, nikaomba jalada lifunguliwe upya na dagaa wa mialo mitatu wapimwe. Jibu lilikuja kwa adabu: suala langu litazingatiwa wakati wa kuhuisha usajili. Nilipouliza ni lini, niliambiwa bado miaka miwili. Mwezi Juni nilikwenda kumwamkia mama, na njiani nikaingia katika duka moja la pembejeo. Chupa zilikuwa kwenye rafu ya chini, pembeni ya mbegu za nyanya.