Mswada Kwanza, Kamera Baadaye

Watu wengi hudhani ya kuwa filamu huanza siku kamera inapowashwa. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimewasaidia wanafunzi kutengeneza filamu fupi za mashindano ya shule. Nimejifunza ya kuwa kamera huonyesha lililo mbele yake tu, wala haiiongezei hadithi kitu. Penye hadithi dhaifu, picha safi huudhihirisha udhaifu huo zaidi.

Tutazame mfano wa Japani. Mwelekezi Akira Kurosawa alitaka kusimulia siku moja katika maisha ya samurai, yaani askari wa kale wa nchi ile. Mwandishi mwenzake, Shinobu Hashimoto, alichunguza jinsi askari huyo alivyopata chakula cha mchana kazini: je, alikichukua nyumbani, au alipewa ngomeni? Hakupata jibu la hakika, na wazo lile likaachwa. Baadaye wao wawili, pamoja na Hideo Oguni, walijifungia katika nyumba ya wageni kwa muda wa wiki sita hivi, wakaandika kisa kingine: wakulima maskini wawaajiri askari saba wawakinge na wanyang'anyi, na ujira wao ni chakula tu. Ndiyo filamu ya Samurai Saba, iliyotoka mwaka 1954, nayo hutazamwa hata leo.

Somo hilo nililiona darasani. Wanafunzi wangu waliandika juu ya msichana aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Alilia sana, kisha jirani tajiri akatokea ghafula akalipa yote. Nikawauliza, "Msichana mwenyewe anataka nini, na amefanya nini ili akipate?" Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi niliporudishwa sikulia. Kila asubuhi nilivaa sare nikatoka, ili mdogo wangu asijue."

Jioni ile jirani tajiri alifutwa. Palibaki sare, mlango, na mtoto mdogo anayeuliza, "Leo mmesoma nini?" Hapo hadithi ikapata uhai, kwa kuwa sasa msichana alikuwa na jambo la kulinda.

Kufuta kule kulitugharimu karatasi chache na jioni tatu. Lau kasoro ile ingaligunduliwa siku ya kupiga picha, ingalitugharimu nauli, chakula cha waigizaji na kodi ya kamera. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, kijana unayetamani kutengeneza filamu, anza na kalamu. Andika jambo unalolijua hata katika vipande vyake vidogo. Msomee mwenzako kwa sauti, nawe umtazame usoni. Anapopiga miayo, futa. Anapokuuliza, "Ikawaje?" hapo ndipo uandike zaidi. Kamera itakungoja.