Bei ya Mteremko

Lyon, Ufaransa



Ukitoka Lyon kushuka kusini, ukishaupita mji wa Vienne, mto Rhône unakunja kuelekea kusini-magharibi, na kwenye ukingo wake wa kulia mlima unainuka moja kwa moja kutoka barabarani. Hapo, juu ya kijiji cha Ampuis, ndipo penye mizabibu ya Côte-Rôtie. Mahali pengine mteremko unapita asilimia 60 na trekta haipandi. Udongo ni haba, na kinachouzuia usiishie mtoni ni kuta za mawe zilizopangwa kwa mkono bila saruji, tuta juu ya tuta. Kila mzabibu umefungwa kwenye fito, nazo fito zinaegemezwa mbilimbili ili upepo wa kaskazini usiziangushe. Mvua ikibomoa ukuta, mtu hupanda kuujenga upya jiwe kwa jiwe, na udongo ulioporomoka hurudishwa juu. Chupa ya mvinyo huo mwekundu ni ghali, na wapo wanaosema hiyo ni bei ya majivuno ya Wafaransa. Naona wamekosea. Bei hiyo ndiyo inayozishika kuta zisianguke, na ushahidi umo katika historia ya mlima wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera, anayeshambulia mizizi, aliiangamiza mizabibu ya Ufaransa. Kisha vita ya 1914 ikawameza vijana ambao wangeipanda upya. Waliobaki walifuata mishahara ya viwanda vya bondeni, au wakalima mboga na matunda kwenye tambarare ya mto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Côte-Rôtie ilikuwa imebaki na hekta 70 hivi. Jina lilikuwa limelindwa kisheria tangu 1940 na ujuzi ulikuwepo. Zilikosekana fedha za kumlipa anayepanda mlima. Walioyageuza mambo ni wanunuzi. Familia ya Guigal ilianza kutengeneza kando mvinyo wa vipande maalumu vya mlima, La Mouline mwaka 1966 na La Landonne mwaka 1978, na mhakiki wa Kimarekani Robert Parker alipousifu, bei ikapaa. Watu wakarudi kufyeka vichaka vilivyokuwa vimefunika matuta, na leo hekta zimepita 300. Sisi wa Afrika Mashariki nasi jambo hili tunalijua. Wakoloni walipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ambayo hayakuwaongezea kitu ghalani, watu walikataa, na mwaka 1955 ghasia zikalipuka hadi mpango ukaachwa. Kule Machakos matuta yalianza kwa kulazimishwa vilevile, lakini baada ya uhuru wakulima waliendelea kuyachimba kwa hiari yao, kwa sababu kahawa na soko la Nairobi viliwalipa.

Atatokea mtu aulize: mteremko unaongeza nini kwenye bilauri, ikiwa zabibu hizo hizo za syrah zinaota pia tambarare na kuvunwa kwa mashine? Swali ni la haki. Ladha ya mvinyo huu haiegemei utamu wa matunda. Ina pilipili manga, zeituni nyeusi, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na mwishoni kitu kama chuma. Ni mvinyo unaodai chakula. Mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walieleza kwamba harufu hiyo ya pilipili inatokana na rotundoni, kemikali ile ile iliyomo kwenye pilipili manga ya pilau yetu. Nanogramu 16 tu kwa lita zinatosha kunusika, ingawa karibu mtu mmoja kati ya watano haisikii kabisa. Huwa nyingi zaidi pale zabibu zinapoiva polepole penye ubaridi, na hupungua penye joto kali. Côte-Rôtie iko karibu na ukomo wa kaskazini wa syrah, ambako bila msaada zabibu hizo zingetaabika kuiva. Mteremko unaolielekea jua unazipa mwanga wa kutosha, maji hayatuami, na usiku hewa baridi inateremkia bondeni. Zabibu zinaiva, lakini bila haraka, na pilipili inabaki. Mkulima hodari wa tambarare anaweza kutengeneza mvinyo mzuri, hilo silibishi, lakini huu hataupata.

Kuhusu dawa za magugu, nakubaliana na wakosoaji. Kwa kuwa jembe la trekta halifiki, wakulima wengi walizimwaga kwa miaka mingi, na ardhi iliyobaki tupu ikazidi kumomonyoka. Anayelipwa vizuri namna hiyo hana udhuru wa kutotumia winchi, farasi au jembe la mkono.

Liko pia la wale wanaouza jina la mlima kwa zabibu za bondeni. Wakulima wa Saint-Joseph, jirani wa Côte-Rôtie, walipata jina lao mwaka 1956 kwa vijiji 6. Mwaka 1969 mipaka ikapanuliwa hadi vijiji 26, mizabibu ikateremkia ardhi rahisi, na mkulima wa juu akajikuta akishindana sokoni na mtu asiye na ukuta wa kujenga. Katika miaka ya 1990 mpaka ulichorwa upya, ardhi zisizofaa zikaondolewa, na wenyewe wakapewa miaka mingi ya kujiondoa. Wenye mashamba ya bondeni walipata hasara, lakini miteremko iliyokuwa imeachwa imeendelea kupandwa tena.