Pua ambayo haizoei Dandora

Sikizeni wasee. Mgeni akishuka mathree Dandora, harufu ya dampo inamsalimia kabla yangu. Atafunika pua na kuniuliza, "Nyinyi mnaishije hapa?" Sisi wa huku hata hatuisikii. Ubongo ukipewa harufu ile ile kila saa, unaipuuza ili ubaki macho kwa harufu mpya. Ni mpango poa, ila moshi hauachi kuingia kwa mapafu juu umeuzoea.

Ndio maana hizi chipu za kunusa zimenishika. Machi 2020, Nabil Imam wa Intel na Thomas Cleland wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa utafiti wa chipu inaitwa Loihi. Waliangalia vile sehemu ya ubongo inayopokea habari za pua hufanya kazi, wakaiiga. Hakuna seli moja ya kila harufu. Seli nyingi huitikia pamoja, na mpangilio wa hayo maitikio ndio unaambia ubongo hii ni nini. Loihi ilipewa vipimo vya sensa 72, ikajifunza kemikali 10, kati yazo methani na amonia. Kila moja ilionyeshwa mara moja tu, na bado ikaitambua hata ikiwa imefunikwa na harufu zingine.

Na hii stori si ya majuu pekee. Mwaka 2017, pale Arusha, Mnaijeria Oshi Agabi alionyesha Koniku Kore, kifaa kinachounganisha chipu na seli hai za neva za panya ili kinuse.

Sasa, chipu inajua tu kile imefunzwa. Huku kwetu plastiki inaungua, waya unachomwa ndio shaba itoke, chakula kinaoza, yote kwa upepo mmoja. Chipu iliyosomea kwa maabara safi itajulia wapi hiyo mchanganyiko? Lazima ifunzwe hapa hapa. Na juu sensa huchakaa na vipimo vikaanza kuhama, lazima kuwe na mtu karibu wa kuzirekebisha. Mbona asiwe kijana wa Phase 4 anayesomea umeme?

Lakini tusidanganyane, kuna sumu haina harufu. Mwaka 2007, utafiti wa UNEP ulipima watoto 328 wanaoishi karibu na dampo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu, mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita. Pua haingewaambia, wala chipu ya kunusa. Hapo ni kupima damu na udongo.

Tena hili dampo lilitangazwa limejaa tangu 2001. Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. Kwa hivyo siiombi chipu ituambie kuna shida. Nataka ituwekee rekodi: saa ngapi, upepo ulitoka wapi, gesi gani, karibu na shule gani. Mama akisema mtoto anakohoa usiku, anaambiwa ni baridi. Akienda na vipimo vya miezi sita, hiyo ni kesi.

Na hivyo vipimo vikae kwetu, visiende kuozea kwa droo ya mtu mwingine. Wasee wa elektroniki, mko wapi?