Hesabu za Ubingwa Buffalo

Nilipohamia Buffalo, jimbo la New York, mwaka 2009, watu waliuzungumzia ubingwa kama wanavyomzungumzia marehemu: kwa heshima, na kwa mambo yaliyopita tu. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, Buffalo Bills, ilikuwa haijaonekana kwenye hatua ya mtoano tangu Januari 2000. Novemba ikifika, gumzo lilikuwa limeshahamia kwa vijana wa vyuoni, timu ikimaliza mkiani itamchagua nani Aprili. Swali la nani atacheza fainali ya Super Bowl lilikuwa la miji mingine.

Mimi nimekulia Tanga, nikiifuatilia Coastal Union redioni, na mchezo huu niliuona kama vurugu ya watu wenye kofia ngumu. Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee aliyefanya kazi kiwanda cha chuma cha Lackawanna mpaka tanuri zilipozimwa miaka ya 1980. Alinielewesha kwamba kila timu hupewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi 10, na kwamba moyo wa mchezo wote ni kotabeki, yule anayeupokea mpira na kuamua aurushe au akimbie nao. Halafu akanisimulia habari ya fainali nne.

Kati ya 1991 na 1994 Bills walicheza Super Bowl mara nne mfululizo. Hakuna timu nyingine iliyowahi kufanya hivyo. Walipoteza zote. Ile ya kwanza, dhidi ya New York Giants, ilimalizika 20 kwa 19: sekunde za mwisho Scott Norwood wa Bills alipiga mkwaju wa yadi 47 na mpira ukapita kulia mwa mlingoti. Kesho yake maelfu ya watu walikusanyika Niagara Square katikati ya mji, wakaliita jina la Norwood mpaka akasogea mbele kuzungumza, machozi yakimlengalenga. Mzee alikuwepo. Kisa hicho alikisimulia kwa fahari kubwa kuliko ushindi wowote, na mimi nilianza kuipenda timu hii kupitia kisa hicho, kabla sijaelewa vizuri kanuni za mchezo.

Miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya ukame. Tangu Jim Kelly astaafu baada ya msimu wa 1996, kotabeki wa kudumu hakupatikana. Alikuja huyu, akaja yule. Na katika kundi letu dogo la timu nne alikaa Tom Brady wa New England Patriots, aliyecheza na Bills mara 35 akapoteza 3 tu. Ligi hii imepangwa ili kila timu ipate zamu yake: mishahara ina ukomo, na anayeshika mkia huchagua kwanza. Lakini usipompata kotabeki, mpangilio huo haukusaidii kitu.

Mlango ulifunguliwa na timu nyingine. Tarehe 31 Desemba 2017 Bills walishinda Miami, wakabaki chumba cha kubadilishia nguo wakitazama televisheni, kwa sababu ilibidi Baltimore Ravens wafungwe. Zikiwa zimebaki sekunde 44, Andy Dalton wa Cincinnati alimrushia Tyler Boyd mpira wa yadi 49 uliowaua Ravens. Mtaani kwetu watu walitoka nje kwenye theluji wakipiga masufuria. Siku zilizofuata mashabiki wa Buffalo walimiminia taasisi ya hisani ya Dalton michango, wengi wakituma dola 17, dola moja kwa kila mwaka wa ukame.

Aprili iliyofuata akaja kotabeki Josh Allen, mtoto wa mkulima kutoka Firebaugh, California. Wachambuzi walimtilia shaka, kwani chuoni Wyoming pasi zake zilifika kwa asilimia 56 tu. Kufikia msimu wa 2020 alikuwa anapata asilimia 69, na Bills wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1995. Hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa Uvira anayeishi karibu na Grant Street, alianza kunisalimia kila Jumatatu kwa maneno yale yale: "Ndugu, huu mwaka kombe ni letu." Watoto wa Kikongo na Kirundi wa West Side, ambao wazazi wao hawajui hata timu moja ya ligi hii, wakawa wanavaa jezi namba 17.

Matumaini ya kweli yana uchungu wake. Januari 23, 2022, pale Kansas City, tuliongoza 36 kwa 33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Kotabeki wa wenyeji wetu Chiefs, Patrick Mahomes, alihitaji pasi mbili, yadi 44, na wakasawazisha kwa mkwaju. Muda wa nyongeza, sarafu ikawaangukia wao, wakafunga, na Allen hakuugusa mpira tena. Miezi miwili baadaye ligi ilibadilisha kanuni ili katika mtoano kila timu ipate zamu yake. Kanuni ile ni haki, na ilikuja baada ya sisi kulala 42 kwa 36.

Msimu uliofuata, Januari 2, 2023, mchezaji wetu Damar Hamlin alianguka uwanjani Cincinnati moyo wake ukiwa umesimama. Wiki ile hakuna niliyemsikia akitaja ubingwa. Watu waliomba, Hamlin akazinduka, na mfuko wake wa kununulia watoto vifaa vya kuchezea ukapita dola milioni 8. Majuma matatu baadaye Cincinnati walitufunga nyumbani 27 kwa 10, na nilipowatazama wachezaji wetu kwenye theluji niliona watu waliochoka rohoni. Hesabu ya ubingwa haina safu ya kuandikia jambo kama hilo.

Lakini hesabu ninazifanya, na zimebadilika. Zamani nilimtazama kotabeki peke yake, kama mzee alivyonifundisha. Sasa nauliza mambo mengine. Kuanzia 2021 hadi 2024 Bills waliwafunga Chiefs kila mwaka katika msimu wa kawaida. Katika mtoano, Chiefs wametutoa mara nne: Januari 2021, 2022, 2024 na 2025. Kotabeki ni wale wale. Tofauti naiona kwa walinzi: kufikia Januari wetu wengi ni majeruhi. Januari 2024 Matt Milano alikuwa nje tangu Oktoba iliyotangulia kwa mguu uliovunjika. Halafu kuna suala la kumaliza wa kwanza katika AFC, nusu yetu ya ligi, kwa maana anayemaliza wa kwanza hupumzika raundi moja na kucheza nyumbani. Msimu wa 2024 tuliwafunga Chiefs 30 kwa 21 Novemba, lakini wao walimaliza na ushindi 15, sisi 13. Kwa hiyo Januari tukaenda kwao, Allen akazuiwa pungufu ya yadi moja aliyoihitaji katika robo ya mwisho, tukafungwa 32 kwa 29.

Wiki mbili baadaye Philadelphia Eagles waliwafunga Chiefs hao hao 40 kwa 22 kwenye Super Bowl. Niliirudia mechi ile kuitazama polepole. Wanaume wanne wa mbele wa Eagles walimfikia Mahomes bila kuongezewa mtu, wakamwangusha mara sita. Ndicho tulichokikosa. Bills nao wameliona: Aprili 2025 waliwatanguliza walinzi katika vijana waliowachagua, na kabla ya hapo wakamsajili Joey Bosa. Allen alikuwa ndiye mchezaji bora wa ligi wa msimu wa 2024. Kikosi kile cha 2025 nilikipa nafasi kubwa ya kufika fainali kuliko chochote nilichokuwa nimekiona tangu nifike hapa, ilimradi wanne wa mbele wawe wazima Januari.

Msimu wa 2025 ndio uliokuwa wa mwisho katika uwanja wa Orchard Park uliofunguliwa 1973. Mpya ulikuwa unakamilishwa ng'ambo ya barabara. Mzee alitaka kombe lije kabla ya kuhama. Tulianza Septemba 7, usiku, nyumbani, na Ravens, ambao Januari tulikuwa tumewatoa kwa 27 dhidi ya 25. Mwenzangu wa Uvira alikuwa ameshabadilishana zamu.