GARI LA UMEME: UNITI CHACHE, SAFARI NDEFU



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi wanafunzi wetu wapenzi, kila nikija kuwachukua wanangu madrasa jioni huulizwa swali lile lile: "Ami, gari lako likijazwa umeme linafika wapi?" Nimeona bora nilijibu katika jarida letu ili na walioko nyumbani wafaidike.

Jibu ni kwamba hakuna nambari moja. Gari langu ni Nissan Leaf ya mwaka 2016, lenye betri ya uniti 30, hizo hizo uniti tunazonunua kwa tokeni nyumbani. Magari ya aina hii yalipokuwa mapya, vipimo vya Japani vilisema yanakwenda kilomita 280 kwa chaji moja. Vipimo vya Marekani vikasema 172. Betri ni ile ile, na tofauti ni zaidi ya kilomita 100! Sababu ni kuwa kila nchi ililipima gari kwa mwendo na hali zake. Basi sehemu kubwa ya jibu imo katika mguu wa dereva. Langu lilinifikia likiwa limeshatumika, na betri imepungua kama robo, kwa hiyo ilinibidi nijifunze kuepuka israfu.

Kwanza ni mwendo. Fungua mwavuli siku ya upepo wa kusi uone unavyokusukuma. Hivyo ndivyo hewa inavyolizuia gari. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya hewa huzidi mara nne. Ukitoka kilomita 65 kwa saa ukafika 100, nguvu hiyo huzidi zaidi ya mara mbili. Gari la petroli nalo huzuiwa vivyo hivyo, lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta yake hupotea kuwa joto la injini, dereva hahisi sana. La umeme halipotezi hivyo, na kila uniti inayoliwa na upepo huonekana pale pale kwenye kioo cha vipimo.

Pili ni breki. Ukiondoa mguu, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Haurudi wote; sehemu hupotea njiani. Kwa hiyo hodari si yule anayefunga breki mara nyingi ili "avune", bali ni yule anayetazama mbele, akaliona tuta au matatu iliyosimama, akaachia mguu mapema na gari likaserereka lenyewe.

Tatu ni kiyoyozi. Hiki hula kwa saa, si kwa kilomita. Mkikwama kwenye msongamano wa Mtwapa nusu saa, hamjasogea lakini chaji imeshuka. Mimi hulipoza gari likiwa bado limechomekwa ukutani, ili ubaridi wa mwanzo utoke kwenye umeme wa nyumba. Na likisimama, husimama chini ya mwarobaini.

Nne ni tairi. Upepo ukipungua, tairi hulala na gari huwa zito. Kipimo chake kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Kipimeni asubuhi kabla tairi hazijapata moto. Na mizigo isiyo na kazi ishushwe, hasa ya juu ya paa.

Tano ni kuitunza betri yenyewe, kwani leo ukiidhulumu, kesho haitakufikisha. Adui yake ni joto, nasi watu wa pwani joto ndilo letu. Betri ya gari kama langu haina maji ya kuipoza. Kwa hiyo siku za kawaida naijaza mpaka asilimia 80 tu, polepole, usiku, na siiachi imejaa tele juani. Huijaza kabisa pale tu ninapokaribia kuondoka kwa safari ndefu.

Haya yote niliyaona faida yake mwezi wa Agosti 2023. Usiku tulipata habari kuwa shangazi yetu amefariki Malindi, Mwenyezi Mungu amrehemu, na maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Nikalichomeka gari pale pale, na asubuhi likawa limejaa. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 120, na njiani hapakuwa na mahali pa kujaza tulipokuwa na uhakika napo. Tulikuwa wanne. Tulipopita Mtwapa nikashika 65, wala sikupandisha. Matatu zikatupita, malori yakatupita. Kaka yangu akashindwa kustahimili: "Kanyaga mafuta bwana, tutachelewa kumzika shangazi!" Mama akamjibu kutoka nyuma: "Gari lenyewe halina mafuta. Mwache mwenzio aendeshe."

Hesabu nilikuwa nayo kichwani. Kwenda 100 badala ya 65 kungetuokolea kama dakika 40, lakini kwa betri ile pengine tungesimama Gede tukimtafuta wa kutuvuta. Upepo wa kusi nao ulikuwa mgongoni, kama walivyosafiri wazee wetu wa majahazi kuelekea kaskazini. Tukafika Malindi saa tano kasorobo, chaji imebaki asilimia 19. Tulimsalia shangazi na tukamzika pamoja na jamaa. Kesho yake kurudi, upepo ukiwa usoni, barabara ile ile ilikula zaidi.

Wanafunzi wapenzi, kubana matumizi si kujinyima safari. Uniti zilikuwa zile zile. Aliyezitumia taratibu alifika, na mwenye haraka angebaki njiani.

Nawaachia zoezi. Gari likitumia uniti 16 kwa kilomita 120, kila uniti moja imelipeleka kilomita ngapi? Kisha tazameni mita ya nyumbani kwenu jioni na asubuhi, mhesabu uniti zilizotumika usiku mmoja zingefikisha gari hilo wapi. Majibu nileteeni nikija kuwachukua wanangu.

Wabillahi tawfiq.